Hedseti yenye maiki kwa gemu za kompyuta: mwongozo kamili wa kuchagua ukiwa Kigoma

Hedseti ya kwanza niliyonunua kwa ajili ya gemu ilikuwa na taa za bluu na nyekundu, na boksi lake liliandikwa 7.1, yaani sauti inayokuzunguka pande zote, kwa tarakimu kubwa. Usiku ule ule niliivaa chumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, tukaingia kwenye mechi, mwenzangu mmoja akiwa Gungu na wengine Dar es Salaam. Dakika ya tatu mmoja akaniambia, "Kaka, wewe hatukusikii. Tunasikia feni." Nikazima feni. Robo saa baadaye jasho lilikuwa linatiririka masikioni, ngozi bandia imeninata shavuni, na mvua ikaanza kupiga bati. Wakanizima sauti, wakaendelea bila mimi.

Tangu siku hiyo nimewasaidia wadogo zangu na majirani kuchagua hedseti, na sianzi tena na boksi. Naanza na chumba. Ushauri mwingi wa hedseti umeandikwa na watu wanaokaa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi na madirisha yanayofunga vizuri. Sisi tuna feni, bati, joto la kando ya ziwa, bodaboda chini ya dirisha, na duka la jirani ambalo huenda lina aina tatu tu. Kinachofaa kule si lazima kifae hapa.

Hatua ya kwanza: rekodi chumba chako

Saa ile ile unayocheza kwa kawaida, kaa kwenye kiti chako, washa feni kama unavyoiwasha siku zote, kisha rekodi kwa simu dakika moja bila kusema neno. Halafu isikilize. Masikio yako yameshazoea kelele za nyumbani, simu haijazizoea. Utasikia feni, utasikia kompyuta yenyewe ikivuma, redio ya jirani, pikipiki zinazopanda mlima. Ikiwa ni majira ya mvua, bati linafunika vyote hivyo.

Zigawe kelele hizo mafungu mawili. Ile isiyobadilika, kama feni, programu za kompyuta huipunguza vizuri kwa sababu zinaijua mapema. Ile inayokuja na kuondoka, kama honi au watu wanaobishana barazani, huzisumbua programu nyingi. Hiyo inabidi uizuie kwa aina ya maiki na kwa mahali unapokaa.

Rekodi hiyo inaamua jambo moja mara moja. Hedseti zipo ambazo migongo ya vikombe vyake iko wazi na zipo ambazo imezibwa. Za wazi zinapitisha hewa, sauti yake ina nafasi, na watu wa vyumba vitulivu wanazisifu kwa haki. Lakini chini ya bati hazifai: mvua inaingia moja kwa moja, nawe unaongeza sauti ili kuishinda. Chukua iliyozibwa, hata kama joto lake ni la kuvumilia. Joto lina dawa nyingine, tutalifikia.

Hatua ya pili: tazama matundu ya kompyuta yako

Hapa ndipo watu wa huku wanapoteza hela zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo soma polepole.

Chukua pini ya hedseti, ile ya milimita 3.5, uhesabu pete nyeusi zinazoizunguka. Pete mbili maana yake pini ina sehemu tatu: inabeba sauti peke yake, au maiki peke yake. Pete tatu maana yake ina sehemu nne: sauti na maiki vimo kwenye pini moja, kama zile za simu.

Sasa tazama kompyuta. Ile ya mezani kwa kawaida ina matundu mawili, la kijani la sauti na la waridi la maiki. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina tundu moja tu linalopokea pini ya pete tatu. Ukichomeka pini ya pete tatu kwenye tundu la kijani la kompyuta ya mezani, utasikia gemu vizuri kabisa, ila wewe hutasikika hata ukipiga kelele. Watu wamerudisha hedseti nzima dukani wakidai ni mbovu, kumbe kilichokosekana ni waya mfupi wenye umbo la Y unaogawa pini moja kuwa mbili. Kuna pia waya wa Y wa kinyume chake, unaounganisha pini mbili ziingie kwenye tundu moja. Mwambie muuzaji bayana ni upi unaoutaka, kwa sababu kwa macho vinafanana.

Mtego mwingine ni huu: hedseti nyingi za bei ya chini zenye taa zina pini mbili za milimita 3.5 pamoja na kichwa cha USB. Mnunuzi anakiona kichwa cha USB anafurahi, anadhani amepata hedseti ya USB. Kichwa kile kazi yake ni kuleta umeme wa taa tu. Sauti inapita kwenye pini zile zile. Namna ya kujua ni rahisi: chomeka USB peke yake, usichomeke pini. Kompyuta isipoonyesha kifaa kipya cha sauti, umelipia taa.

Hedseti ya USB ya kweli ina kadi yake ya sauti ndani, ama kwenye kichwa chenyewe ama kwenye kidude kidogo katikati ya waya. Faida yake kubwa ni kwa wenye kompyuta za zamani, zile ambazo ukiwasha maiki unasikia mkwaruzo kama wa redio iliyopoteza stesheni. Mara nyingi kelele hiyo inatoka ndani ya kompyuta yenyewe, na kadi ya nje inaikwepa. Kama tayari una hedseti ya pini unayoipenda, usiitupe. Nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la maiki na la sauti. Ni kitu kidogo kama kidole gumba, na kimeokoa hedseti nyingi ninazozijua.

Ukisikia mvumo mzito usiokatika, na laptopu inatulia ukichomoa chaja, tatizo si hedseti. Soketi nyingi majumbani hazina ethi, yaani waya wa kushusha ardhini umeme uliovuja, au waya wa ethi upo lakini haujafungwa popote. Mwite fundi umeme aikague. Ni usalama wako pia, usisubiri mpaka kasha la kompyuta likutekenye vidole.

Hatua ya tatu: maiki kabla ya spika

Msimamo wangu ni huu na siutikisi: ukiwa na hela ya kutosha kitu kimoja kizuri, kiwe maiki. Spika za wastani utazizoea wewe mwenyewe. Maiki mbaya wanaumia wenzako wanne, na mwishowe wanakuzima.

Maiki inayofaa ni ile ya mkono, inayotoka kwenye kikombe ikafika karibu na mdomo. Sababu yake ni umbali. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti yako inayofika pale inapungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Feni iliyo kona ya chumba haipungui, kwa sababu tangu mwanzo iko mbali. Kwa hiyo maiki iliyofichwa ndani ya kikombe, au inayoning'inia kwenye waya kifuani, inakusikia wewe kidogo na chumba sana. Ukiileta vidole viwili kutoka pembe ya mdomo, mizani inageuka.

La pili ni upande inaosikia. Kuna maiki zinazosikia pande zote sawa, na kuna zinazosikia mbele zaidi huku mgongo wake ukiwa kiziwi kidogo. Kwenye boksi mara nyingi huchorwa umbo linalofanana na moyo au embe. Chukua hiyo ya pili. Ukishaivaa, mgongo wa maiki unaelekea mbele yako, kwa hiyo kaa uso ukielekea dirisha la barabarani badala ya kuligeuzia kisogo, na honi zitapungua. Feni nayo isikupulizie usoni. Iachie ikupige mgongoni au miguuni, kichwa chako kiwe kinga ya maiki. Na hakikisha maiki ina kofia ya sponji. Ni kitu kidogo sana, lakini inapunguza pumzi za "p" na "b" pamoja na upepo wa feni.

Boksi likisema hedseti inaondoa kelele, uliza: inamwondolea nani? Kuna mfumo unaokuondolea wewe kelele za nje ili usikie gemu vizuri, na kuna unaosafisha sauti ya maiki kwa ajili ya wenzako. Ni vitu viwili tofauti, na wauzaji wengi wanavichanganya, wengine bila nia mbaya.

Hatua ya nne: joto, kichwa na miwani

Ngozi bandia inazuia kelele vizuri, lakini ndiyo adui wa jasho. Kwa unyevu na joto letu inaanza kubanduka magamba meusi yanayobaki shingoni na kwenye kola. Kitambaa kinapitisha hewa, kinanyonya jasho na hakinati, ingawa kinavujisha kelele kidogo na kinaingia vumbi. Mimi nachagua kitambaa, au ngozi bandia ambayo sponji zake zinachomoka na za akiba zinapatikana. Kama zilizopo dukani ni za ngozi tu, nenda kwa fundi cherehani na fulana nyepesi ya pamba ya zamani, akushonee vifuniko viwili vyenye mpira pembeni. Besi itapungua kidogo. Lakini utaweza kuvifua kila wiki.

Uzito ni jambo la saa ya pili, si la dakika ya kwanza. Hedseti ya gramu 240 na ya gramu 350 dukani utaziona sawa tu. Baada ya mechi nne, ile nzito utaisikia utosini. Ndiyo maana ukifika dukani usiivae dakika moja ukavua. Ivae, piga soga na muuzaji robo saa, ulizia habari za nyumbani. Kama masikio yako yanagusa spika kwa ndani, au taya linabanwa, iache.

Ukivaa miwani, nenda nayo. Vikombe vinavyobana vinakandamiza mikono ya miwani kwenye fuvu, na panapopita mkono wa miwani sauti inavuja. Dada zangu wanaocheza wakiwa wamevaa ushungi nao waijaribu juu ya ushungi ule ule wanaoshinda nao nyumbani. Kitambaa kinafifisha sauti nyembamba, na kikombe kidogo kinateleza. Mwenye rasta au misuko mikubwa atazame kwanza kama mkanda wa kichwani unarefuka vya kutosha.

Hatua ya tano: sauti yenyewe, na ile namba 7.1

Kwenye gemu za bunduki kama Counter-Strike 2 au Valorant, unachokitafuta ni sauti ya nyayo za adui: zinatoka kushoto au kulia, mbele au nyuma, ghorofa ya juu au chini. Spika mbili nzuri zinatosha. Hedseti ina spika moja kila sikio, na 7.1 inayoandikwa kwenye boksi karibu kila mara ni hesabu za programu, si spika saba. Gemu zenyewe zinazifanya hesabu hizo vizuri zaidi, kwa sababu zinajua adui yuko wapi hasa. Windows 10 na 11 zina programu ya namna hiyo, Windows Sonic, bila malipo kwa anayetaka kujaribu. Ila usiwashe mbili kwa pamoja, ya gemu na ya Windows. Mwelekeo unavurugika, nyayo za nyuma zinasikika kama ziko pembeni.

Ukubwa wa spika, milimita 40 au 50, hauamui ubora. Namba za hezi 20 mpaka 20,000 ni upeo wa sikio la binadamu, karibu kila boksi linaziandika. Ruka.

Kipimo changu ni taarabu. Chukua wimbo wenye fidla, ganuni, ngoma na mwimbaji mmoja, uweke kwenye simu kabla ya kwenda dukani. Hedseti nzuri inakuwezesha kuifuata ganuni peke yake hata ngoma zikiingia. Hedseti iliyojazwa besi ili kumfurahisha mteja inameza vyombo vyote, na ndiyo itakayomeza nyayo za adui mlipuko ukitokea karibu. Anayecheza gemu za mpira tu hana haja ya kuhangaika na hatua hii. Apeleke hela kwenye maiki na starehe.

Waya au bila waya?

Waya, isipokuwa una sababu nzito. Ukikatika, fundi simu wa Mwanga au Ujiji anaweza kuweka pini mpya siku hiyo hiyo, mradi umwambie ni ya pete ngapi. Betri ya hedseti isiyo na waya ikifa, ni kazi nyingine kabisa.

Ukiamua bila waya, iwe ile inayokuja na kipokezi chake cha USB cha gigahezi 2.4. Bluetooth ya kawaida ina matatizo mawili kwenye gemu. Sauti inachelewa, unaona moto wa bunduki kisha unasikia mlio. Na mara maiki inapowashwa, kifaa kinahamia kwenye hali ya kupiga simu, na sauti ya gemu inageuka nyembamba, isiyotofautisha kushoto na kulia, kama mtu anaongea ndani ya kopo. Teknolojia mpya ya Bluetooth iitwayo LE Audio imekuja kuliondoa hilo, lakini kompyuta na hedseti zote mbili lazima ziwe zinaikubali.

Hatua ya sita: dukani, na kwa mzigo wa basi

Dukani beba laptopu, au simu yenye tundu la hedseti. Kwa simu, chomeka hedseti ya pete tatu, ujitumie ujumbe wa sauti WhatsApp. Anza kwa kukwaruza maiki ya hedseti kwa ukucha, halafu ongea kawaida. Ukisikiliza rekodi na mkwaruzo hausikiki kwa nguvu, simu ilikuwa inatumia maiki yake yenyewe na jaribio halina maana, rudia. Kisha zungusha waya taratibu pale unapoingia kwenye kikombe na pale unapotoka kwenye pini, muziki ukipiga. Upande mmoja ukikatika hata kwa nukta moja, usiinunue kwa ahadi kwamba itakaa sawa. Fungua mikono ya hedseti mpaka mwisho na uirudishe mara kadhaa, utazame kama plastiki inalia.

Mara nyingi kinachotakiwa hakipo huku, kinaagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, na kuletwa kwa basi. Kwa reli, kati ya Kigoma na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na kurudisha mzigo kunaweza kula faida yote. Kwa hiyo mwombe muuzaji, kabla hujatuma hela, akurekodie ujumbe wa sauti kwa hedseti ile ile atakayoifunga, akitaja jina lako na tarehe ya leo. Muuzaji mwenye mali nzuri haoni shida. Akikataa au akizungushazungusha, nimejifunza kuachana naye, hata bei iwe tamu vipi. Muombe pia picha ya pini, ya namba ya bidhaa kwenye boksi, na risiti yenye muda wa waranti.

Kuhusu majina: HyperX, Logitech, Razer na SteelSeries zina hedseti za ngazi ya chini ambazo ni nyepesi, za waya na zenye maiki ya kueleweka, na kwa wengi wetu hizo zinatosha kabisa. Majina hayo hayo ndiyo yanayoigwa, kwa hiyo bei ikiwa robo ya kawaida, jihadhari. Kama mfuko ni mwepesi, hedseti ya waya isiyo na taa pamoja na kadi ndogo ya USB inaipita hedseti ya mataa ya bei ile ile.

Hatua ya saba: usiku wa kwanza

Kwenye Windows 11 fungua "Settings", kisha "System", kisha "Sound". Chagua hedseti kwenye sehemu ya kutoa sauti na kwenye sehemu ya kuingiza. Laptopu hupenda kung'ang'ania maiki yake ya ndani, na utakuwa umenunua maiki nzuri isiyotumika. Kama hakuna kinachosikika, nenda "Privacy & security" utazame kama programu zimeruhusiwa kutumia maiki.

Panga kiwango cha maiki ukiongea kama unavyoongea mechi ikiwa moto, si kwa upole wa majaribio. Sauti isigonge ukomo ukicheka. Kwenye Discord, programu ya kuongea na wenzako mkicheza, washa Krisp, ambayo inapunguza kelele za nyuma. Nyumba ikiwa na watu wengi, tumia kitufe cha kubonya ndipo uongee. Mama akikuita kwa sauti toka uani, timu nzima haina haja ya kujua.

Sauti ya gemu nayo ina mpaka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na desibeli 75 kwa watoto. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Panga sauti chumba kikiwa kimya, weka alama hapo, na mvua ikija usiivuke. Ikishindikana, acha mechi mpaka ipungue.

Halafu rekodi dakika moja ya kimya kama mwanzo, safari hii kwa maiki mpya, feni ikiwa palepale, na nusu dakika ya kuongea. Iweke kando ya ile rekodi ya simu, usikilize zote mbili. Feni ikiwa bado inakushinda, usikimbilie kuirudisha hedseti: sogeza maiki upana wa kidole kimoja karibu na pembe ya mdomo, punguza kiwango kidogo, urekodi tena.